Kibati Namba Saba

Shangazi yangu hawezi kufunga mlango bila kuhesabu watu. Sitii chumvi. Kila jioni, taa zikishawashwa, husimama sebuleni na ufunguo mkononi, akaninyooshea kidole na kusema, "Mmoja," kisha akajigusa kifuani, "wawili. Tumetimia." Ndipo anapozungusha ufunguo. Fundi bomba aliyechelewa kazi yake siku moja alihesabiwa akiwa amejikunja chini ya sinki, na ikabidi aitike. Nilipokuwa mdogo nilicheka. Nilipovunja ungo nikaanza kukasirika, maana wenzangu walikuwa na mashangazi wanaowasuka na kuwapa umbea, na mimi nilikuwa na wangu anayehesabu watu wawili.

Tabia hiyo aliitoa kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa lango la hifadhi, upande ule ambako wananchi wa kawaida wanaruhusiwa kuwinda kwa kibali. Si matajiri wenye magari marefu, ni watu wa mjini kwetu: mafundi, walimu, wenye maduka. Mwanzo wa mwaka unaandikisha jina, majina yanatiwa kwenye ndoo, kura inapigwa. Ukibahatika, unapewa mnyama mmoja, kitalu kimoja, nusu siku moja. Vitalu viko kumi na viwili. Ukutani mwa ofisi kuna ubao wenye misumari kumi na miwili, na kwenye kila msumari kunaning'inia kibati cha namba pamoja na kizibao cha rangi ya machungwa, kikali hata machoni pa mzee mwenye mtoto wa jicho. Ukiingia unapewa vyote viwili. Ukitoka unavirudisha. Msumari mtupu maana yake kitalu kina mtu, asiingie mwingine. Msumari wenye kibati maana yake kitalu kiko wazi, aitwe anayefuata. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na Shangazi aliilinda kama mboni ya jicho. Watu wakamwita Bi Vibati.

Hakuwa na dogo. Siku moja mkuu wa hifadhi mwenyewe alitaka kupita mara moja kutazama mnyama aliyeanguka, bila kuchukua kibati. Shangazi akamzuia langoni mbele ya wawindaji sita.

"Bosi, risasi haijui cheo," akamwambia. "Vaa kizibao."

Akavaa. Kilimbana tumbo, na mji mzima ulilicheka jambo hilo kwa mwezi mmoja.

Baba yangu alikuwa mdogo wake wa pekee. Shangazi alimbeba mgongoni akiwa mtoto, na alipokuwa mtu mzima, fundi seremala mwenye ndevu, bado alikuwa akimfuta vumbi la mbao masikioni kwa kona ya kanga. Mama alifariki kabla sijajua kutembea, Shangazi akahamia kwetu. Tulikuwa watatu, na siku hizo hakuwa akihesabu mtu.

Habari ya kifo cha Baba niliipokea nikiwa na miaka tisa, na niliishi nayo hivi ilivyoandikwa kwenye taarifa. Alipata kibali cha swala, kitalu namba saba, awamu ya asubuhi. Saa sita kasoro akatoka, akarudisha kibati na kizibao. Kisha akapenya uzio na kurudi ndani kwa siri. Saa nane karani mwenzake Shangazi, mzee mpole tuliyemwita Miwani, aliona kibati namba saba kimetulia msumarini, akampa mwalimu mmoja wa hesabu mwenye kibali cha mchana. Ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kuwinda. Kule korongoni akaona kitu cha rangi ya kahawia kinasogea kichakani. Baba alikuwa amevaa koti lake la kazi, la kahawia, amepiga magoti juu ya swala.

Uchunguzi ulichukua siku nne. Waliuangalia ubao, wakaona ubao haukukosea, basi marehemu ndiye aliyekosea. Jina lake likaandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye bango lililo pembeni ya dirisha la ofisi, chini ya maneno WALIOINGIA BILA KIBALI. Ni mstari wa tatu. Juu yake kuna majangili wawili waliokamatwa na nyaya za kutegea, na chini yake wengine watano.

Shuleni nikawa mtoto wa jangili. Mtoto mmoja akiliimba jina hilo darasani, darasa zima linaitikia, na mwalimu anajifanya anatafuta chaki.

Shangazi aliendelea kukaa kwenye dirisha lile, na bango lile ubavuni mwake, miaka kumi na minne. Kila asubuhi alilifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Nilimwona mwenyewe nilipokuwa nampelekea chakula cha mchana wakati wa likizo: anafuta mistari yote, lakini ule wa tatu anaufuta taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Nilimpenda kwa hilo. Nasema wazi, nilimpenda kupita kiasi kwa sababu ya kitambaa kile.

Mwalimu wa hesabu alikuja nyumbani mara moja, miezi michache baada ya mazishi. Alikuwa amekonda, shati kama la kuazima. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, ubao ulikuwa na kibati. Nakuapia, kibati kilikuwepo." Nilitegemea Shangazi amfukuze. Badala yake alipiga magoti pale pale kizingitini, akamshika miguu, akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia hata siku ya mazishi. Mwalimu akachanganyikiwa, akawa anamwinua huku naye analia. Nilidhani wakubwa ndivyo wanavyosameheana.

Nilipofika miaka kumi na mitano nikaanza kuandika barua. Kila mwaka barua moja kwa ofisi ya hifadhi: naomba jina la baba yangu lifutwe, hakuwa jangili, alikuwa mtu aliyeomba kibali kila mwaka na kulinda masharti yake yote. Shangazi aliisoma kila barua kabla haijaondoka. "Hapa umekuwa mkali, mwanangu. Waambie kwa upole." Alinipa bahasha kutoka kazini kwake. Jibu lilikuwa lile lile kila mwaka: hakuna ushahidi mpya. Nililisoma kwa sauti mezani, naye akanimiminia chai. Barua nane nimeandika. Ushahidi mpya ulikuwa unanimiminia chai mara nane.

Mwezi uliopita alistaafu. Wakamfanyia kahafla kadogo, wakamwuliza angependa kumbukumbu gani kutoka kazini. Akaomba kibati namba saba. Watu waliguswa, wengine wakajifuta machozi. Alirudi nyumbani saa kumi, akakiweka mezani mbele yangu, bila hata kuvua viatu.

"Kaa," akasema.

"Subiri nikuwekee chai kwanza, Shangazi."

"Chai baadaye. Ukishanisikia, kama bado utataka kunipa chai, utanipa."

Nikakaa.

"Baba yako hakupenya uzio. Mimi ndiye niliyemfungulia."

Akanieleza huku ameshika ukingo wa meza. Siku ile Baba alitoka na uso umemshuka. Alimpiga swala, swala hakuanguka, akakimbilia korongoni na jeraha, na muda ukamwishia. Sheria inasema aliyejeruhi mnyama asimpate ajaze fomu, askari wa hifadhi ndio wamfuatilie, na mwindaji mwenyewe anakaa nje ya kura miaka mitatu. Askari nao mara nyingi walikwenda kesho yake.

"Akaniambia, 'Dada, siwezi kwenda nyumbani nikala, na yule mnyama anahangaika kwa mkono wangu. Nipe nusu saa tu.' Mdogo wangu hakuwahi kuniomba kitu cha ofisini, hata kalamu. Nikatoa ufunguo wa mlango mdogo wa nyuma kwenye uzio, ule wa kwenda bombani. Nikamwambia kimbia, awamu ya mchana inaanza saa nane, hata ukichelewa saa saba na nusu uwe umesharudi."

"Na kibati?"

"Nikikishusha, lazima kiandikwe kitabuni, na muda wake ulikuwa umekwisha. Nikakiacha." Akakigeuza kibati pale mezani. "Kizibao nilikishika, mwanangu. Nilikitoa msumarini, nikawa nacho mkononi hivi. Nikawaza, Miwani akiona kibati kipo na kizibao hakipo, ataniuliza. Nikakirudisha."

Kisha akaitwa kule nyuma kwenye mizani. Mwindaji wa asubuhi alikuwa anabishana kuhusu uzito wa mnyama wake, kupima kukarudiwa mara tatu, na saa ikamtoroka. Miwani akakaa dirishani peke yake. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi Miwani. Ndiye aliyemwambia asimsikilize mtu, autazame ubao.

"Nikiwa pale kwenye mizani nikasikia mlio," akasema. "Nikafurahi. Nikasema moyoni, mdogo wangu amempata."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, nakumbuka kinu.

"Kwa nini hukusema?"

"Walikuja na makaratasi wakaniuliza, ulimwona akirudi ndani? Wewe ulikuwa umenishika gauni. Nikaona nikisema ndiyo, wananichukua, na huyu anabaki na nani? Nikasema sikumwona."

"Huo mwaka wa kwanza. Na wa pili? Na wa kumi?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Baada ya hapo nilikuwa naogopa tu," akasema.

Angeweza kunidanganya. Angeweza kuniambia yote yalikuwa kwa ajili yangu, nami huenda ningemeza. Nilimchukia kwa uwongo wa miaka kumi na minne, na nikamchukia zaidi kwa neno hilo moja la kweli. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Hakujitetea. Nilipoishiwa pumzi, akanisogezea karatasi na kalamu.

"Andika barua ya tisa," akasema. "Na safari hii usiwaambie kwa upole."

Nikaiandika. Akaweka sahihi yake chini, kwa mwandiko ule ule mzuri wa kwenye kitabu cha lango.

Mkuu wa hifadhi wa sasa ni mama mmoja mgeni, hakuwajua watu hawa. Aliisoma barua mara mbili, akawapigia polisi simu, wakaja wakachukua maelezo ya Shangazi kwa heshima, wakamwambia aripoti kituoni Jumatatu. Kisha mkuu akatoka nje na kopo la mafuta ya taa na kipande cha msasa, akauliza nani angependa kulifuta jina. Shangazi akarudi nyuma hatua moja. Nikauchukua mimi.

Msasa ni kitu nilichokulia nacho, nilikuwa namsaidia Baba kulainisha miguu ya viti. Rangi ya mafuta haitoki kirahisi. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka, jina likabaki kivuli, kivuli kikabaki doa, halafu pakawa na mbao tupu kati ya jangili wa pili na wa nne. Nilikuwa nimeiota siku hiyo tangu darasa la tatu. Niliota nitapiga vigelegele. Nilisimama pale na mikono inanuka mafuta ya taa, nikageuka nimtafute mtu wa kumkumbatia, na mtu wa pekee niliyekuwa naye duniani alikuwa amesimama karibu na bomba, ameushika mlango mdogo wa nyuma, analia bila sauti.

Tulirudi nyumbani kila mmoja na upande wake wa barabara.

Leo ni Jumapili. Mfuko wake mdogo wa nguo uko tayari pembeni ya kochi, maana hajui kesho watamwachia arudi au la. Chai nimemwekea, hakunywa. Taa zimewashwa. Amesimama sebuleni na ufunguo mkononi, kama kila siku, akaninyooshea kidole.

"Mmoja," akasema.

Mkono ulipanda mpaka karibu na kifua, ukasimama. Haukujigusa. Akabaki hivyo, ananitazama, anangoja nimhesabu mimi.

Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema wawili. Neno halikutoka, na yeye akashusha mkono, akazungusha ufunguo.