Kilio Nilichokianzisha Mimi

Ndugu zangu, aibu hii nimeshindwa kuibeba peke yangu. Mdogo wangu Kisimba anafanya kazi kwenye visima vya mafuta huko pwani. Wanasukuma gesi ya kaboni chini ya ardhi ili mafuta ghafi yatoke. Wiki iliyopita mwenzake, Mukendi, alinipigia simu nikiwa sokoni Kolwezi. Katikati ya mikwaruzo nilisikia, "Ni ile gaz, mzee... Kisimba alikufa." Simu ikakatika. Badala ya kumpigia tena, mimi mjinga nilikimbia nyumbani kumwambia mama.

Mama, ambaye hajamaliza kumlilia baba, alianguka chini. "Mutoto wangu! Mungu, ungenikamata mimi!" Majirani wakaja, viti vikapangwa uani, nyimbo za kanisa zikaanza. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Jioni simu yangu iliita. Alikuwa Kisimba.

"Yaya," akasema, akiniita mkubwa wake kama kawaida, "Mukendi alikuambia? Gaz ilitenga lami na mafuta, bomba ikaziba. Kisima ilikufa, na kazi yetu pia." Akasikiliza nyimbo za uani. "Lakini nasikia kilio pale kwetu. Nani alikufa?"

Uani pote walikuwa wananitazama, na mama alikuwa ameninyooshea mkono nimpe simu.