Chokaa Kwenye Mishipa ya Moyo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimelala chali kwenye mashine ya CT scan huko Mwanza, naambiwa nibane pumzi. Ni duara kubwa jeupe lenye tundu katikati. Kitanda kikaingia taratibu, kukawa kimya, na kwa kitambo kile kifupi nikajikuta kisiwani Goziba, kijana mvuvi niliyekimbia shule.

Mzee Bruno, mwenye mtumbwi wetu, kila asubuhi aligonga mbao zake kwa kifundo cha kidole, ubao baada ya ubao, sikio likiwa karibu. Na mtumbwi wenyewe mkavu kabisa. Nikamtania, "Mzee, mbona hawafungui?"

Hakucheka. "Nauuliza mimi kabla haujaniambia wenyewe. Wewe subiri uvuje, utauuliza ukiwa katikati ya ziwa."

Nikayasahau maneno yale, nikaendelea na kuzurura kwangu miaka mingi. Kisha kaka yangu Deo akaanguka shambani kwake Buhembe, akichuma kahawa huku anapiga mluzi. Moyo, walisema. Baada ya matanga binti yake Koku, muuguzi, akanifuata migombani.

"Baba mdogo, nenda ukapimwe moyo."

"Mimi siumwi. Natembea kutoka kwangu Kibeta hadi mjini na sigara yangu mdomoni."

"Baba naye alikuwa haumwi," akasema, akaondoka.

Ndiyo maana nilipanda meli kwenda Mwanza.

Daktari alinionyesha picha. Moyo wa kijivu kama ukungu, na kwenye mishipa inayoulisha, vidoa vyeupe, kama taa za wavua dagaa ukizitazama kutoka mbali. Nikasema, "Pazuri."

"Hiyo ni chokaa, mzee," akajibu polepole. "Imeganda kwenye kuta za mishipa. Imekuwa ikijikusanya miaka yote hiyo unatembea."

Hakunipasua. Alinipa vidonge vya kila siku, akaninyang'anya sigara. Nipo bado, na asubuhi nikiamka hujiwekea mkono kifuani, nikasikiliza.

Mwanangu, usingoje mwili ulalamike. Umri ukisogea, au kama kwenu kuna aliyeanguka ghafla, muulize daktari kama kipimo hiki kinakufaa. Lakini kifua kikikubana, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na anayekupenda akikusihi kama Koku, usimjibu kwa kujivunia miguu yako.

Mungu akulinde. Moyo wako upige kwa utulivu, kama maji yanavyogusa mtumbwi uliofungwa vizuri, na ufike ng'ambo ukiwa mkavu.