Nilivyokula Akiba ya Mwalimu

Mwaka wa tisini na mbili mume wangu alileta nyumbani kwetu mtaa wa Rwezamenyo kompyuta kuukuu ambayo ofisi yao haikuitaka tena. Yenyewe haikuweza kutunza kitu. Kila ulichoandika kilikaa kwenye disketi. Mimi nilikuwa nimejifunza kupiga chapa miezi michache tu, shule nyingine ya kujivunia sina. Lakini jirani yetu, mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee ambaye macho yalikuwa yanamfifia, aliniomba nimwandikie hadithi anazowasimulia watoto. Hakuwa nazo popote ila kichwani.

Nikaenda mjini kununua disketi. Muuzaji aliniwekea aina mbili: boksi zima la zile zisizo na jina, na nyingine za gharama, zinazouzwa moja moja.

"Hizi za boksi iko nyingi, mama, lakini inakufa haraka. Chukua mbili nzuri. Moja ya kazi, moja ya akiba."

Nilichukua mbili nzuri. Niseme haki yake: hakunidanganya.

Kila tulipomaliza hadithi niliinakili kwenye ile ya akiba, nikairudisha kabatini chini ya vitenge. Siku moja mashine ikasema ile ya kazi imejaa. Nikafikiri kama mtu wa jikoni: kwetu akiba ni maharage ya kwenye mtungi, ya sokoni yakiisha, unafungua mtungi. Nikaitoa ile ya akiba, nikaifuta ipate nafasi, tukaendelea. Nikijitetea moyoni nasema neno lile la akiba ndilo lililonipoteza. Halafu naona si haki. Neno halikubonyeza kitu.

Haikupita wiki, ile ya kwanza ikaanza kukwaruza, mashine ikakataa kuisoma. Mume wangu alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe umekula akiba, mama we!"

Mimi sikucheka.

Kesho yake mwalimu akabisha hodi. "Tumefika wapi leo, binti yangu?"

"Tumerudi mwanzo, mwalimu." Nikamweleza yote, uso unanichoma. Akapapasa mpaka akapata kiti, akaketi.

"Haya. Akiba nimebaki mimi. Andika."

Akaanza na ile ya sungura na kisima. Mara ya kwanza palikuwa na fisi aliyekaa kando ya kisima akilia kwa sababu hakuna aliyemwogopa, nakumbuka tulivyocheka. Safari hii sungura alifika kisimani, akanywa, akaenda zake.

"Na yule fisi, mwalimu? Aliyekuwa akilia?"

"Fisi?" Akacheka kidogo. "Fisi gani? Hapo hapana fisi. Umeota, binti yangu."

Nilimkumbuka yule fisi, lakini si neno kwa neno, na hadithi haikuwa yangu. Nikaandika bila fisi. Mwishoni akaniomba nimsomee. Nilisoma nimeinamisha uso, ingawa hakuwa akiuona vizuri, naye akawa anaitikia, "Naam, naam, ndivyo ilivyo."