Maziwa Tuliyopewa Kilimani kwa Baba

Nilishamchukia kabla hatujamaliza mlima wa kwanza. Rafiki yangu huyu wa miaka mingi anakaa Nyarutarama, mtaa wa matajiri pale Kigali, na baiskeli yake unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Mimi nakaa Kinyinya, kwa watu wa kawaida, na ya kwangu ni chuma kitupu. Kila nilipomfikia huko juu, nahema, yeye ameshapumzika, anatazama saa yake na kunitajia mapigo ya moyo wake. Mapigo ya moyo! Nani kamuuliza?

Mimi sikwenda kutalii. Baba yangu miguu imemkatalia, hatoki kitandani, na aliniomba jambo moja tu. Nifike kwenye kilima alikozaliwa, kule Rulindo, niulize nyumba yao ilisimama wapi, nikae pale, kisha nirudi nimwambie mtu akikaa pale anaona nini. Aliondoka mtoto wa miaka saba, akaenda kuishia ukimbizini Karagwe, Tanzania, ambako mimi nilizaliwa. Tuliporudi Rwanda kila mwaka alisema atakwenda, na kila mwaka moyo ulimwogopesha. Nikamchukua rafiki yangu kwa sababu anazijua njia za vumbi za huko. Nilijitakia mwenyewe.

Uzuri ulikuwepo, sikatai. Ukungu mabondeni, mikaratusi, mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi. Lakini njiani kulikuwa na wanaume wanasukuma baiskeli zenye magunia ya viazi, jasho linawatiririka, na huyu bwana anawapigia kengele wampishe. Nikamwambia hana adabu. Akaniambia nina wivu. Tukaenda saa nzima hatusemeshani.

Adhuhuri tukaelekezwa kwa bibi mmoja, wa pekee aliyebaki anayewakumbuka watu wa kwetu. Akanishika kidevu, akanitazama sana, akasema paji la uso ni la babu yangu. Nilitaka kulia. Akatuketisha kwenye mkeka uani, akaleta maziwa ya mgando, akaonja yeye kwanza, ndivyo inavyofanywa, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Nikanywa kikombe kizima. Akajaza tena, akaonja, akampa mwenzangu, kisha akaingia ndani kutafuta fimbo yake atupeleke penyewe iliposimama nyumba.

Sasa, mwenzangu kakulia Kampala, na mama yake alimfundisha kwamba huku kwetu usinywe kitu nyumbani usikojulikana, utalishwa sumu. Msomi mzima, ofisi kubwa, na bado anaogopa kikombe cha bibi kizee. Nilimwona anasogea kwenye migomba na kikombe chake. Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza hata kuyanywa mimi. Nikasema moyoni, mwache, leo naye aumbuke mbele ya watu.

Akamwaga. Na bibi alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni na fimbo yake.

Hakupiga kelele. Alikichukua kikombe mkononi mwa mwenzangu taratibu, wala hakumtazama. Maneno yake yote aliyaelekeza kwangu.

“Huyu ni mgeni, hana kosa,” alisema. “Wewe ni wa hapa. Umeniletea mtu anayeniona mchawi, kisha umekaa unamwangalia.”

Akaiegemeza fimbo ukutani, akatuambia tuwahi kabla ya mvua. Nilimwomba radhi, nikapiga magoti, nikamtaja baba na kitanda chake. Akaketi kumenya maharage yake, na hakuinua tena uso.

Njiani rafiki yangu akaniambia bibi amekuza mambo. Niliyomjibu siwezi kuyaandika. Tuliachana Nyabugogo katikati ya kelele za mabasi, bila kuagana, na mpaka leo hatujapigiana simu. Simkumbuki kwa wema, lakini usingizi ninaokosa si kwa sababu yake.

Nilifika nyumbani jua linazama. Baba alikuwa amekaa anangoja, ameegemezwa mito. Uongo nilikuwa nimeshautunga njia nzima: mto kwa chini, chai upande wa kushoto, kilima cha pili kwa mbali. Wala hakuniuliza mto.

“Walikupokea?”

Nikamwambia walinipa maziwa.

“Ukanywa?”

“Nilikunywa, baba.”

“Na uliyekwenda naye?”

Nikainama kupanga mito yake. Kisha baba akaniomba nimgeuze alale akiangalia ukuta, nami nikamgeuza.