Kidole Juu ya Mstari wa Kwanza

Mama anayechapa barua kwenye kibanda cha fotokopi, hapa sokoni Bunia, ana kidole kimoja ambacho wanafunzi wanakiogopa. Kinatua juu ya mstari wa kwanza wa kila barua ya kuomba bourse, yaani ufadhili wa masomo, maana mstari wenyewe ni ule ule tuliokaririshwa shuleni: “Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya ukubwa wako.” “Siye wote tuko na heshima,” anasema kwa upole. “Weye uko wapi mu hii barua?” Kisha anaifunika karatasi na kuuliza mambo madogo madogo, vidole vikiwa tayari juu ya vitufe.

Jana ilikuwa zamu ya Huguette, msichana kutoka Kpandroma, anayeomba bourse ya kilimo. Siku ya mwisho ya kupeleka barua ni kesho. Alilia kwamba hana la kusema.

“Acha barua. Juzi saa hii mikono yako ilikuwa inafanya nini?”

“Nilikuwa nachagua mbegu ya viazi, Mama. Yenye iko na doa naweka kando, naandika mu kaye yangu ya shule ilitoka shamba gani.”

“Nani alikutuma kuandika?”

“Hakuna.”

Mama alichapa bila kutazama vidole, akamgeuzia kompyuta. Huguette alisoma polepole.

“Lakini hii ni maneno yangu.”

“Ndiyo,” akasema Mama, akainuka, akamwachia kiti chake aendelee kuchapa mwenyewe.