Kifuniko cha Colton kilichofungwa kwa skrubu

“Usikiguse.”

“Sijakigusa, Marlys. Nimekinyooshea kidole tu.”

“Kidole chako nakijua. Kirudishe mfukoni.”

Ni Ijumaa asubuhi, na katika mgahawa wa uwanja wa barafu wa Wexley, Saskatchewan, ugomvi umechemka kabla ya maji. Walt Dyck, mkulima wa ngano aliyestaafu, amesimama mbele ya ubao wenye majina ya wachezaji. Nyuma ya kaunta yuko mpishi, Marlys Hrynchuk, mwenye miaka sitini na mmoja. Ana mwiko mkononi, na kwa namna alivyoushika, si wa kukorogea.

“Milioni sita kwa mwaka!” Walt anawageukia wenzake. “Kwa beki wa miaka thelathini na minne anayecheza dakika kumi na moja kwa mechi! Kwa pesa hiyo mimi ningesimama mbele ya goli na trekta langu.”

“Trekta lako haliwaki tangu Oktoba,” Marlys anamjibu. “Kaa chini unywe kahawa.”

Walt anakaa, lakini hanyamazi. Leo hakuna anayenyamaza. Saa tisa alasiri dirisha la kuhamisha wachezaji linafungwa, na Korongo, timu ya hoki ya ligi kuu ambayo mji huu mzima huishabikia, bado haijaamua imtoe nani.

Ubao huo ulianza kama mzaha. Kila mchezaji wa Korongo ana kifuniko cha kikombe cha kahawa kilichoandikwa jina na mshahara wake kwa kalamu nene, kikaning’inizwa kwenye msumari. Anayenunua kahawa ana haki ya kuhamisha kifuniko kimoja: ampandishe huyu, amweke yule benchi, amuuze mwingine. Sharti ni moja. Jumla iliyoandikwa chini kwa chaki isipite kikomo cha mishahara kilichowekwa na ligi.

“Ni sufuria moja,” Marlys anaeleza huku akizikunja perogi, vifuko vya unga vyenye viazi na jibini, bila kuziangalia. “Kila timu imepewa sufuria ya ukubwa uleule. Ukimjazia mmoja sahani, mwingine anatoka na njaa. Watu wanadhani umeneja ni kujua hoki. Umeneja ni kugawa.”

Kugawa anakujua. Mshahara wake ni dola kumi na saba kwa saa, na uwanja ukifungwa majira ya joto anasafisha shule. Huamka saa kumi alfajiri, huwasha majiko kabla dereva wa mashine ya kulainisha barafu hajafika, na saa mbili usiku huwa ameshavua soksi.

Vifuniko vyote vya ubaoni vinahama, isipokuwa kimoja. Kifuniko cha Colton Wiebe kimefungwa kwa skrubu.

Aliyekifunga ni Marlys mwenyewe, miaka mitano iliyopita. Korongo walikuwa wamefungwa saba kwa moja, na kesho yake Walt akakitundika kifuniko cha Colton kwenye msumari wa timu ya daraja la chini, chumba kizima kikacheka.  Marlys alikwenda stoo, akarudi na bisibisi.

“Nilikosea nini?” Walt anauliza hadi leo. “Si alikuwa ametufungisha magoli manne?”

“Matatu,” Marlys anasema. “La nne lilikuwa la kipa.”

Wexley wanajua kwa nini. Katika miji hii ya ngano, vijana wanaosakwa na timu za chipukizi huondoka kwao wakiwa na miaka kumi na sita na kuishi katika nyumba za watu wasiowajua. Mama mwenyeji humpa kijana chumba, chakula na makaripio. Kwa miaka ishirini Marlys na mumewe, Orest, walipokea vijana ishirini na watatu, Colton akiwa mmoja wao. Timu ilikuwa ikiwapa dola mia nne kwa mwezi kwa kila mmoja.

“Mia nne!” anacheka. “Colton alikuwa anamaliza lita nne za maziwa kwa siku mbili. Nilimwambia Orest afadhali tungefuga ng’ombe.”

Colton alifika na begi moja, magongo mawili na aibu ya kumtosha mtu mzima. Wiki ya kwanza alikula mkate mtupu kwa sababu aliogopa kuomba siagi. Marlys hakumbembeleza. Alimwita jikoni, akampa unga, akamwambia akunje perogi mpaka aseme kitu. Kijana alikunja hadi sinia la pili ndipo akasema: “Mama yangu hukunja ndogo kuliko hizi.”

“Basi ndiyo tukaanza kuzungumza,” anasema Marlys.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, kocha wa chipukizi alimwondoa kikosini. Marlys alimkuta ameketi kwenye ngazi za chumba cha chini, begi limefungwa, koti limevaliwa, akisubiri basi la kesho yake.

“Nikamwambia, kocha ana kikosi chake, mimi nina meza yangu. Mezani kwangu hakuna anayeachwa. Fungua begi, na ukimaliza njoo umenye viazi.”

Alibaki. Majira yote ya baridi alifagia uwanja huu na kufanya mazoezi peke yake watu wakishaondoka. Msimu uliofuata alirudishwa kikosini, na hajawahi kuachwa tena na timu yoyote.

Orest alifariki mwaka juzi. Tangu hapo, kila Jumatatu ambayo Korongo hawana mechi, Colton huendesha gari kwa muda wa saa tatu kutoka mjini, akapiga koleo theluji ya mbele ya nyumba, akala, akalala kwenye kitanda chake cha zamani ambacho miguu yake inakizidi, na alfajiri akaondoka.

Sasa Korongo wanataka kumhamishia timu ya pwani ya magharibi. Mkataba wake unampa haki ya kukataa, naye amekataa mara mbili. Asipokubali leo, hesabu haitatosha, na Dawson Pratt, beki wa miaka ishirini na miwili anayependwa na kila mtoto wa jimbo hili, ndiye atakayeachwa. Timu ya pwani inaongoza ligi. Korongo hawatafika hata raundi ya mtoano. Colton amecheza miaka kumi na minne na hajawahi kugusa kombe.

“Mtu mzima anakaa kwenye kiti cha mtoto,” anasema Walt, na safari hii sauti yake imeshuka. “Nampenda Colton. Alinisaidia kuvuna mwaka ule mgongo ulipokatika. Lakini Pratt aende wapi?”

“Na wewe ungekuwa na milioni sita ungezikataa?” Marlys anamuuliza.

“Zinamfuata, Marlys! Akienda pwani zinaenda naye. Hapotezi hata senti.”

Marlys anageukia sufuria. Hilo analijua vizuri kuliko Walt. Ndilo limemnyima usingizi tangu jana, maana jana jioni Colton alimpigia simu.

“Akaniambia, ‘Mama, nipe maoni yako. Kama shabiki, siyo kama mama.’” Marlys anafuta unga kwenye aproni. “Mimi nina maoni juu ya kila kitu. Nina maoni juu ya kofia ya kasisi. Nikamwambia perogi zinafurika, nikakata simu. Hakukuwa na perogi yoyote. Nilikuwa nimekaa kitandani.”

Aliogopa nini?

“Kwamba nikimwambia nenda, atadhani namfungia begi.”

Kwenye meza ya dirishani, Denise Lalonde, karani wa posta, amekuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari kwa muda mrefu mno. Denise ni mtu wa kusema habari za watu, na leo hajasema ya yeyote. Kila mtu ameshaliona hilo.

“Tapika, Denise,” anasema Walt. “Utapasuka.”

“Ya posta hayasemwi.”

“Tangu lini?”

Denise anaweka kijiko chini. Hamtazami Walt, anamtazama Marlys.

“Jumatatu Colton alipita posta kutuma kifurushi. Akaniuliza mtu akibadilishwa nyonga hukaa wiki ngapi bila kuendesha gari. Nikamwambia dada yangu alikaa sita. Akahesabu kwa vidole, Marlys, kama mtoto. Kisha akasema, ‘Basi siwezi kwenda popote.’”

Mafuta yanachachatika jikoni. Nje, mashine inazunguka barafuni.

Nyonga ya Marlys itabadilishwa mwezi wa nne. Amesubiri zamu yake mwaka na nusu. Mchana huegemea kaunta kwa mkono wa kushoto na kujifanya anasoma bei.

“Amekataa mara mbili kwa sababu yangu?” anauliza.

“Hukujua?” Walt anashangaa kwa dhati. “Nilidhani umemwambia akae.”

“Nimwambie akae? Mimi?” Mwiko unagonga kaunta. “Niliyeipigia kelele televisheni tangu Krismasi kwamba wamuuze wapate mshambuliaji? Walt, nimekuwa nikikupinga wewe tu, kwa sababu una domo. Hesabu yako ni sawa. Imekuwa sawa tangu mwaka jana.”

 Katika miaka thelathini ya kunywa kahawa hapa Walt hajawahi kuambiwa hivyo, na hajui sifa hiyo aiweke wapi.

“Kumbe inayokula kikomo cha Korongo ni nyonga yangu,” anasema Marlys. Anacheka kidogo, kisha haendelei kucheka. “Nipeni bisibisi.”

Hakuna anayesogea.

“Mmekuwa viziwi? Bisibisi!”

Bisibisi iko kwa dereva, na dereva yuko katikati ya barafu. Marlys hamsubiri. Anachukua kisu cha siagi, anaizunguka kaunta kwa kuchechemea, anapanda juu ya kigoda huku Walt amemshikia kiuno kwa hofu na heshima, na anaanza kuizungusha skrubu. Imeshika kutu. Kisu kinateleza mara mbili. Mara ya tatu inaachia, na kifuniko kinabaki mkononi mwake. Pale kilipokuwa ubao umeacha duara jeusi, safi, lisilo na vumbi la chaki.

Anashuka, anakitia kifuniko mfuko wa aproni, anachukua simu. Anaiweka kwenye spika, maana mikono ina unga.

“Mama?” Sauti ya Colton ni nzito, ya mtu ambaye naye hakulala.

“Jana ulitaka maoni ya shabiki. Yapokee.”

“Haya.”

“Una miaka thelathini na minne, unacheza dakika kumi na moja, na unalipwa kama watu wawili. Ningekuwa meneja wako ningekuuza mwaka jana, tena ningedai mshambuliaji na chenji.”

 Upande wa pili Colton anacheka, kicheko cha puani kinachokaribia kuwa kilio.

“Na kama mama?”

“Kama mama, kitanda cha chini kiko palepale na hakuna atakayekilalia. Nenda ukatafute kombe. Sikufungii begi, Colton. Unanisikia? Nakwambia ulifunge mwenyewe, halafu utarudi ulifungue hapa.”

“Nyonga je?”

“Walt atanipeleka hospitali na kunirudisha. Wiki zote sita.”

“Walt amekubali?”

“Bado hajaambiwa.”

“Nimesikia!” Walt anapaza sauti. “Nimekubali! Lakini asinifundishe kuendesha!”

“Atakufundisha, mzee,” anasema Colton. “Shika usukani tu na unyamaze.” Anavuta pumzi. “Mama, una hakika?”

“Perogi zinafurika.”

“Hakuna perogi, mama. Na jana hazikuwapo.”

“Leo zipo. Mpigie wakala wako.”

Anakata. Anakaa kwenye kiti cha Walt, mahali ambapo mpishi huyu hakai saa za kazi, na Denise anamletea kahawa, naye anainywa bila kusema kitu juu ya ladha yake. Nusu saa baadaye simu inalia kwa ujumbe. Denise anausoma kwa sauti: Colton ametia saini.

Walt anauendea ubao. Anafuta jumla ya chini kwa mkono wa sweta, anaandika mpya. Nafasi ipo. Kifuniko cha Pratt anampa Marlys, na Marlys ndiye anayekitundika kwenye msumari wa beki wa kwanza.

“Jina lake usilifunge kwa skrubu,” anasema Walt.

“Pratt ana mama yake.”

Mpango wake ni upi sasa? Anasema kwanza nyonga, halafu mwezi wa sita, kama watafika fainali, atapanda ndege kwa mara ya pili maishani, na Walt hatakiwi kuambatana naye. Lakini kuna tatizo la karibu zaidi. Mechi za pwani ya magharibi huanza saa mbili na nusu usiku kwa saa za Wexley, na yeye wakati huo huwa ameshalala.

Analifikiria kwa muda wa kugeuza perogi. Kisha anachukua boksi tupu la vitunguu, anakata upande mmoja kwa kisu kilekile cha siagi, anaandika kwa kalamu nene na kulibandika kwenye kioo cha mlango:

KUANZIA LEO MGAHAWA UNAFUNGWA SAA NANE MCHANA. MPISHI ANALALA KABLA YA MECHI.

“Na kahawa yangu ya saa tisa?” Walt anafoka.

“Kunywa saa saba,” anasema Marlys, na kuigeuza kufuli ajaribu kama inafunga.