Samli ya Nyayoni

Binti yangu wa miaka minane alianza kupepesa macho kama aliyeingiwa na moshi wa kuni. Yakawa mekundu, kichwa kinamuuma, na maneno ya ubaoni hayaoni mpaka asogezwe mbele. Chanzo nilikijua. Tangu baba yake aende kutafuta kazi mbali, mimi ndiye duka hapa Runazi, mimi ndiye shamba, mimi ndiye jiko. Nikirudi nimechoka hoi namwachia simu aangalie katuni, angalau nikae bila kuulizwa maswali. Jamani, na mimi ni mtu.

Nilimpeleka hospitali Rulenge. Daktari akasema macho ni mazima ila yamechoka. Simu ikae mbali, mtoto acheze nje, na asipopata nafuu nimrudishe. Nilishukuru, lakini hofu haikunitoka.

Siku ya gulio nikamkuta muuza dawa za Kihindi, wanazoziita Ayurveda. Nikamwambia mapema kwamba jichoni hatutii kitu.

"Hata mimi sitii, dada," akasema. "Msugue nyayo kwa samli kabla ya kulala. Kwa Wahindi, dawa ya macho hupitia huko."

Samli ilikuwepo. Mama mkwe, Msukuma mwenye ng'ombe wake, hutuletea kwenye chupa. Aliposikia akaja juu: "Yaani mkwe wangu, macho ya mtoto yapo miguuni? Samli yangu ni ya kulia ugali!" Hata hivyo akaleta chupa ya pili.

Basi simu nikaifungia dukani. Kila jioni tukishakula nilikaa mkekani, miguu yake mapajani kwangu, nikasugua kwa mikono inayowaka kwa jembe. Mara nyingine nilisinzia nimeshika kisigino, naye ananitikisa: "Mama, bado huu." Akanisimulia ya shuleni, nani kapigana, nani kaficha kalamu ya mwenzake. Nilikuwa sijawahi kuyasikia.

Wekundu ukaisha, mwalimu akamrudisha dawati la nyuma. Nikaacha kusugua. Afadhali, kazi moja imepungua.

Jumamosi tulichambua maharage. Nilipotaka kuyamimina sufuriani akanidaka mkono, akachomoa kijiwe, chembe tu, ambacho mimi sikukiona. "Macho yako makali wewe!" nikamwambia. Akacheka.

Jioni ile, vyombo havijaoshwa, akanyoosha miguu mkekani na kufumba macho.

"Mama, macho yanauma."

Mgongo ulikuwa unanikatika. Nikainuka, nikafuata chupa ya samli.